Kombi ya marehemu Baba: miaka 19 chini ya mwembe hapa Makorora, sasa tunaifufua wenyewe nyumbani

#1 Binti wa Makorora (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wanajukwaa, na kwa wote habari za Jumamosi.

Nimesoma nyuzi za wenzangu humu kwa muda mrefu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu kuna kazi tumeianza nyumbani, Tanga mjini, na nataka iwekwe mahali ili mwenye gari kama letu asipite kwenye makosa tuliyopitia.

Gari ni Volkswagen Kombi. Baba aliinunua kwenye mnada wa vitu chakavu vya shamba moja la mkonge njia ya Muheza. Ilitupeleka shule, ikabeba wagonjwa wa mtaa usiku wa manane, ikabeba maharusi, na msimu wa machungwa ilirudi kutoka Muheza imelala kwa nyuma kwa uzito wa magunia. Baba alipofariki iliegeshwa chini ya mwembe uani, na haikuwashwa tena. Miaka 19. Wanunuzi wa chuma chakavu wamekuja mara tatu na mizani yao. Kila mara Mama aliwakaribisha maji ya kunywa, akawaambia, "Hilo lina mwenyewe."

Kwa wanaopenda kujua umri: namba ya chasisi imegongwa ndani ya chumba cha injini. Yetu inaanza na 232. Hizo 23 zinasema ni Kombi, na tarakimu ya tatu ndiyo mwaka wa modeli, yaani 1972. Volkswagen walikuwa wakianza kuhesabu modeli mpya mwezi wa Agosti, kwa hiyo gari la modeli ya 1972 linaweza kuwa limetoka kiwandani mwishoni mwa 1971. Alama nyingine ni taa: za kuonyesha kona mbele ziko chini, karibu na bampa, na za nyuma ni zile ndefu. Modeli iliyofuata taa hizo za kona za mbele zilipandishwa juu, pembeni ya tundu la hewa.

Kikosi chetu: Mama, ambaye ndiye mwenye gari na hakuna linalofanyika asilolijua. Mume wangu. Mdogo wangu, fundi umeme wa majumbani. Wanangu wawili, wa kiume yuko kidato cha pili, wa kike darasa la sita. Na Mjomba, kaka yake Mama, aliyejenga na kutengeneza majahazi maisha yake yote mpaka macho yalipoanza kuchoka.

Hali ya gari: injini imekwama, haizunguki. Sakafu ya dereva ukiikanyaga unaona mchanga. Kona zote mbili za chini ya kioo cha mbele zimeliwa. Bati la kukalia betri halipo, tindikali iliyokuwa ikidondoka imelimaliza. Vizingiti vya milango, kwa nje vinaonekana vizima.

Hapo kwenye vizingiti ndipo tulipopata somo la kwanza. Baba akiwa hai aliwahi kuipeleka kwa fundi mmoja wa rangi, ikarudi inang'aa kama ya dukani. Masika moja tu, rangi ikatoka mapovu. Juzi kijana wangu alipochokoa pale na bisibisi, limetoka bonge la puti, ule udongo wa kusawazishia bodi kabla ya rangi, lenye unene wa kidole, na nyuma yake karatasi za gazeti zilizokunjwa kuziba tundu. Gazeti! Lilikuwa linanyonya maji kama sifongo na kuyaweka kwenye chuma mwaka mzima. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Marehemu alilipa pesa nzuri kwa kazi hii."

Mume wangu akachukua grenda aanze kukata. Mjomba akamzuia. Akaomba ndoo ya maji na kata.

Tukadhani anataka kuosha. Akawaingiza watoto ndani na chaki, akafunga milango na vioo. Akaanza kumwagia maji juu ya paa, kata moja moja, taratibu, akianzia nyuma kuja mbele. Akimwaga anasubiri. Watoto ndani wanapiga kelele: "Babu, hapa! Linatoka hapa!" na wanachora duara. Saa nzima. Tulipofungua tulikuta duara 14, na karibu zote hazikuwa mahali penye matundu. Maji yaliyooza sakafu ya dereva yalikuwa yakiingilia kwenye mpira wa kioo cha mbele, yanashuka nyuma ya dashibodi, yanatembea juu ya bati na kutua sakafuni. Kizingiti cha kushoto kilikuwa kinapata maji kutoka kwenye mfereji wa paa uliopasuka.

Mjomba akasema chombo hakitengenezwi kwenye tobo la sakafu, kinatengenezwa pale maji yanapoingilia. Ukibandika bati jipya na njia ya maji ukaiacha, umelisha kutu chakula kipya. Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo kanuni ya ua wetu: kwanza maji, chuma baadaye.

Nitaleta mrejesho kila tukipiga hatua. Wenye ujuzi karibuni.

#2 Mtu wa Ngamiani

Naweka kigoda hapa. Hiyo Kombi naikumbuka, kama ni ile nyeupe iliyokuwa ikipita Barabara ya Nane asubuhi imejaa wanafunzi. Poleni kwa Mzee, na hongereni.

#3 Fundi bodi wa Pongwe

Mkuu, huyo Mjomba wako mpe mkono wangu. Nina miaka mingi kwenye bodi, na wateja wanaoniuliza maji yanaingilia wapi hawamalizi vidole vya mkono mmoja. Wote wanauliza rangi itakauka lini.

Sasa sikiliza, kabla hamjakata vizingiti. Kombi haina chasisi ya peke yake kama Land Rover. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba, na kizingiti chake kina matabaka matatu: la nje, la kati na la ndani. Ukikata yote kwa pamoja, gari linajikunja katikati kama ndizi mbivu na mlango hautafunga tena. Kwa hiyo:

Gari likae juu ya magurudumu yake au stendi zilizowekwa chini ya ekseli, usawa umepimwa. Msikate likiwa limening'inia kwenye jeki. Chomeleeni kwanza vyuma vya kukingamia kwenye uwazi wa milango, kutoka nguzo hadi nguzo. Pimeni pengo la mlango juu na chini, mwandike. Mkate upande mmoja, kipande kifupi, mkirudishie, ndipo muende kingine. Kila mkimaliza kipande, fungeni mlango mpime tena.

Bati: kwenye ngozi ya nje milimita 0.8 hadi 1 inatosha. Sakafu na kizingiti cha ndani msishuke chini ya 1.2, hiyo ndiyo geji 18. Na nakuomba sana, msitumie bati la kuezekea. Lile limepakwa zinki, ukilichomelea linatoa moshi mweupe, na usiku utatetemeka kama mwenye malaria. Wenzetu wengi wanakunywa maziwa wakiamini yanasafisha. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko kifuani. Dawa ni kutochomelea zinki, na kukaa upande ambao upepo unakuondolea moshi.

Chomoeni betri kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Tangi la mafuta litoke, likae mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke wa petroli uliobaki ndio unaolipuka. Ndoo mbili za mchanga ziwe karibu.

#4 Msafiri wa Chumbageni

Nauliza kwa nia njema. Kwa gharama za bati, gesi na muda wote huo, si mngechukua Noah iliyotumika mkapanda familia nzima na kiyoyozi juu?

#5 Binti wa Makorora

@Fundi bodi wa Pongwe, Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Tumeuchapisha ujumbe wako, umebandikwa kwenye shina la mwembe. (Na mimi ni dada, si mkuu, ila sijachukia.)

@Msafiri wa Chumbageni, swali lako ni la haki na mume wangu aliliuliza kabla yako. Kama tungetaka usafiri tu, Noah ingekuwa jibu. Lakini tangu tuanze, mwanangu wa kiume ambaye alikuwa haongei na mtu zaidi ya simu yake anaamka Jumamosi kabla yetu, anachemsha chai, anapanga spana kwa namba. Mama alikuwa amepunguza kutoka chumbani. Sasa anaweka kiti chake kivulini tangu saa tatu, na kila kitu tunachofungua kina hadithi. Juzi chini ya kiti cha nyuma tulipata kibanio cha nywele cha dada yetu aliyetangulia mbele ya haki akiwa mdogo. Hakuna Noah ingetupa hicho.

Gharama sitaji jumla kwa sababu bado zinaendelea, ila sehemu kubwa inamezwa na bodi, si injini.

#6 Karani wa Usagara

Dada, kabla hujazama zaidi. Kadi ya gari ina jina la nani?

#7 Binti wa Makorora

La Baba.

#8 Karani wa Usagara

Basi fanyeni karatasi sasa hivi, huku mnachomelea. Gari ni sehemu ya mirathi. Familia ikae kikao, mchague msimamizi, mwandike muhtasari, muende mahakamani kufungua shauri la usimamizi wa mirathi mkiwa na cheti cha kifo. Mkishapata barua ya usimamizi ndipo mnakwenda TRA (Mamlaka ya Mapato) kubadilisha umiliki. Nimeona gari zuri limekamilika, ndugu aliyekuwa kimya miaka kumi akajitokeza kudai fungu lake siku ya kuliwasha. Mkiwa na karatasi, undugu wenu unabaki salama.

#9 Binti wa Makorora

Tumekaa kikao jana baada ya magharibi. Wote tumekubaliana Mama awe msimamizi, na Bamkubwa amesaini wa kwanza. Ahsante sana, hili lilikuwa limetupita kabisa.

#10 Kijana wa Duga

Dada hizo nati, bawaba, vishikizo na vitu vidogo vyenye kutu mnasafishaje? Mimi nina pikipiki ya marehemu Babu, kila kitu kimeshikana.

#11 Binti wa Makorora

Hapa ndipo mdogo wangu fundi umeme alipotamba, na wanangu wamejifunza kemia kuliko darasani.

Chukua beseni la plastiki, lisiwe la chuma. Jaza maji, weka magadi, sisi tunatumia kama kijiko kimoja kikubwa kwa kila lita nne. Yale magadi ya mawe ya kupikia makande yanafaa ukiyaponda na kuyachuja uchafu. Ning'iniza kitu chako chenye kutu katikati ya maji. Pembeni simamisha vipande vya chuma kisichohitajika, sisi tunatumia nondo. Vitu hivi viwili visigusane. Chaja ya betri ya volti 12, ile ya zamani: waya wa hasi unashika kitu unachotaka kukisafisha, wa chanya unashika nondo. Ukikosea ukageuza, kitu chako ndicho kitakacholiwa. Washa chaja, utaona vipovu vidogo. Baada ya saa kadhaa kutu nyekundu inakuwa tope jeusi linalotoka kwa brashi.

Tahadhari ambazo mdogo wangu anazirudia kila mara. Fanya nje, penye hewa, bila moto wala sigara, kwa kuwa vipovu vile vina haidrojeni. Usitumie chuma kisichoshika kutu kama kijiko cha mezani kwenye upande wa chanya, kinaachia sumu kwenye maji. Usiweke vitu vya aluminiamu, magadi yanavila. Karbureta usiitie humo kabisa. Ukimaliza suuza kwa maji baridi mengi, kausha juani, paka mafuta au praima hapo hapo.

Vitu vidogo sana, skrubu na klipu, Mama anaviloweka kwenye maji ya ndimu usiku mmoja. Anasema ndivyo walivyosafisha masufuria ya shaba kwa bibi yake, ila wao walitumia ukwaju.

#12 Mkulima wa Korogwe

Nyongeza: molasi ya kulishia ng'ombe. Sehemu moja molasi, tisa maji, zamisha chuma wiki mbili au tatu. Inanuka, lakini inakula kutu na kuacha chuma kizima. Mimi nimefanya kwa majembe ya trekta. Funika pipa, la sivyo nyuki wa tarafa nzima watahamia kwako.

#13 Dereva mstaafu

Shikamooni wazee wenzangu, na nyie vijana marahaba. Nimeendesha Kombi ya misheni Mombo hadi Lushoto na kurudi kwa miaka mingi. Umetaja injini kukwama. Msiilazimishe kwa starta wala kuivuta kwa gari lingine. Mtapinda kitu.

Toeni plagi zote nne. Kila tundu mimineni dizeli kidogo iliyochanganywa na oili ya gia boksi otomatiki, ile nyekundu. Acheni siku nne, tano. Ongezeni. Kisha mshike puli ya injini kwa spana ndefu na kuitikisa mbele nyuma, mbele nyuma, kwa upole. Ikisogea hata upana wa ukucha, mmeshashinda.

Mkishaiwasha, na mtaiwasha, mambo ya kukumbuka. Injini hii haina maji, inapozwa na feni na oili. Oili yake ni lita 2.5 tu na haina filta ya karatasi, ina kichujio cha wavu chini. Kwa hiyo oili inabadilishwa kila kilomita 5,000, na wavu unaoshwa. Vali zipimwe injini ikiwa baridi ya usiku mzima, pengo milimita 0.15. Platini, zile ncha za kukatia umeme wa plagi, pengo milimita 0.4. Mpangilio wa silinda kuwaka ni 1-4-3-2. Na ule mpira unaozunguka injini kuiziba na chumba chake, wengi wanautupa wakidhani ni pambo. Ndio unaozuia hewa ya moto ya chini isirudi kuvutwa na feni. Bila huo, joto la Tanga litaiua.

Kwenye mlima usiikandamize gia ya nne ikiwa inagugumia. Shuka ya tatu mapema, feni izunguke.

#14 Binti wa Makorora

Shikamoo mzee wangu. Tulifuata neno kwa neno. Siku ya sita kijana wangu alitikisa spana akasema, "Imepumua." Puli ilikuwa imesogea. Mama alinyanyuka kwenye kiti akaja kushika puli kwa mkono wake mwenyewe.

Mrejesho wa bodi. Tumebandika vipande 27 mpaka sasa. Mume wangu ndiye anayechomelea, alikodi mashine na kumlipa kijana mmoja wa gereji ya jirani amfundishe wiki mbili jioni. Vipande vya mwanzo vibaya, vimevimba kwa joto. Tukajifunza kuchomelea nukta moja hapa, nukta nyingine mbali, kuacha chuma kipoe, kurudi. Kizingiti cha kushoto kilitumaliza Jumamosi saba. Cha kulia tano.

Mfereji wa paa Mjomba aliudai uwe wake. Aliusafisha mpaka chuma cheupe, akachokoa nyufa zote kwa ncha ya msumari, kisha akajaza kwa gundi ya kuzibia mishono ya mabodi, akiisukuma ndani kwa kipande cha mti alichokichonga mwenyewe kama patasi ya kalafati, ile ya kuzibia mishono ya jahazi. Nilimuuliza kwa nini haipaki juu tu kwa kidole kama mafundi wengine. Akanijibu kwamba pamba ya kalafati ikikaa juu ya mshono bahari inaing'oa, lazima igongwe mpaka iingie ndani na kukaa. Alifanya paa lote kwa siku tatu, macho yake hayo, kwa kupapasa.

Kisha tukamwagia maji tena. Watoto ndani na chaki. Duara mbili tu.

#15 Fundi bodi wa Pongwe

Dada, kutoka 14 hadi 2! Sasa neno juu ya rangi, maana hapa pwani ndipo wengi wanapoharibu.

Chumvi. Upepo wa bahari unaileta, inakaa kwenye chuma na huioni. Ukipaka praima juu yake, chumvi inavuta unyevu kupitia rangi na mapovu yanatoka hata kama ulisugua vizuri. Kwa hiyo baada ya msasa, osha bati kwa maji baridi safi, mara mbili, kausha kwa kitambaa na jua, na praima iingie siku hiyo hiyo. Usiache chuma cheupe kilale usiku. Hapa Tanga ukikiacha jioni, asubuhi kimeshakuwa rangi ya machungwa.

Msipake masika. Subirini kaskazi, Januari au Februari, na muanze umande ukishakauka. Ndani ya vizingiti, baada ya rangi, mpulizie nta ya kuhifadhia mabodi kwa kimrija. Oili chafu ya injini msiipulizie huko, inaozesha mipira na bushi, na ikidondoka inaharibu ardhi. Matundu ya kutolea maji chini ya kizingiti myaache wazi! Nimeona watu wanayaziba wakidhani wanazuia maji.

#16 Kijana wa Duga

Magadi yamefanya kazi. Bawaba za pikipiki ya Babu zimerudi kama mpya. Ahsanteni.

#17 Binti wa Makorora

IMEWAKA.

Naandika mikono ikinuka petroli. Kabla ya kuwasha tulibadilisha mipira yote ya mafuta, kutoka tangini hadi karbureta, pamoja na vibano vyake. Nasisitiza hili kwa kila mwenye Kombi. Mpira wa zamani unapasuka kwa joto, petroli inadondokea injini iliyo moto, na bloku ya injini hizi ni aloi ya magniziamu. Ikishika moto yenyewe, maji yanauchochea moto huo badala ya kuuzima. Gari nyingi za aina hii zimeteketea kwa sababu ya kipande cha mpira cha bei ndogo. Mdogo wangu amefunga mtungi wa kuzimia moto karibu na kiti cha dereva, na ameniahidi atakagua mipira hiyo kila mwaka.

Breki pia zote zimefunguliwa, masta silinda mpya, mipira mipya. Spea si ngumu kama tulivyoogopa. Injini inashiriki vitu vingi na Volkswagen Beetle, na Brazil waliendelea kuunda Kombi hadi 2013, kwa hiyo vifaa bado vinatengenezwa.

Ilikuwa saa kumi jioni. Mara ya kwanza ilikohoa. Ya pili ikakohoa na kutoa moshi wa mafuta tuliyomimina. Ya tatu ikashika. Ule mlio wa Kombi, waliokuwa nayo wanaujua, hauna mwenzake. Majirani walitoka. Mzee mmoja wa mtaa alikuja na bakora yake mpaka getini akasema alidhani marehemu karudi, kisha akainua mikono akasoma Fatiha. Tukaitikia wote na injini ikiwa inanguruma.

#18 Dereva mstaafu

Alhamdulillah. Nimeusoma ujumbe huu kwa mke wangu kwa sauti.

#19 Mtu wa Ngamiani

Rangi itakuwa nyeupe ile ile?

#20 Binti wa Makorora

Hapo kuna kisa. Tulipotoa paneli nyuma ya viti vya mbele tulikuta bati ambalo halijawahi kupakwa tena tangu kiwandani. Buluu. Si buluu ya giza, ni ile ya maji ya Raskazone saa nne asubuhi. Sisi watoto tulizaliwa tukaikuta nyeupe. Mama alipoliona bati lile akasema, "Hii ndiyo rangi aliyokuja nayo siku aliyonionyesha." Kumbe Baba aliipaka nyeupe baadaye, ili ikibeba wagonjwa usiku ionekane barabarani.

Kwa hiyo nyumba iligawanyika. Wanangu wanataka buluu. Mdogo wangu anasema nyeupe ndiyo ya Baba. Mama alisikiliza siku mbili, kisha akaamua: chini buluu, juu nyeupe. Tumepaka mwezi wa Januari kama Fundi alivyoagiza, tumeosha chumvi mara mbili, na binti yangu ndiye aliyekuwa mlinzi wa nzi.

Viti ni kazi ya Mama na Shangazi. Tulipovichana tulikuta vimejazwa nyuzi za kahawia zilizoshikamana. Mama akazikunja kidoleni akacheka: "Huu si usumba?" Ni kweli, viti vya gari nyingi za enzi hizo vilijazwa nyuzi za makumbi ya nazi. Hatukununua sponji. Mjomba aliagiza usumba kutoka Pangani, wakauchambua, wakaupanga, wakashona turubai juu. Chini tumetandika zulia la mkonge, lakini halijagundishwa. Linatolewa na kuanikwa, maana zulia lililogundishwa linaficha maji.

#21 Fundi bodi wa Pongwe

Zulia la kutolewa. Umeelewa kazi, dada.

#22 Msafiri wa Chumbageni

Ndiye mimi niliyesema Noah. Jumapili niliiona Kombi yenu imesimama karibu na Mabanda ya Papa, nikashuka kwenye gari langu kuiangalia. Nimefungua mlango wa pembeni kwa ruhusa ya kijana wako, umeteleza kama droo mpya. Nimekwenda kwa Baba yangu mkubwa kuulizia Peugeot 404 yake iliyoko ghalani.

#23 Binti wa Makorora

Karibu sana. Anza na ndoo na kata.

Mrejesho wa safari. Karatasi zilikamilika, kadi sasa ina jina la Mama, na juzi tulikwenda Muheza. Tulikuwa tisa. Mama mbele, Mjomba nyuma yake na mkono wake juu ya mfereji wa ndani kama anayesikiliza mapigo. Tulipita kaburini kwa Baba kwanza, tukasoma dua, kisha sokoni. Tulirudi na magunia mawili ya machungwa, nyuma imelala vile vile kama zamani. Njiani ilitudondokea oili kidogo kwenye kava la vali la kulia. Gasketi, tumeshabadilisha.

Kabla ya Pongwe mvua kubwa ikatushika. Hakuna aliyezungumza. Kila mtu alikuwa anaangalia kona yake. Tulipofika nyumbani binti yangu alitoa zulia, akapitisha kiganja sakafuni gari zima, kisha akaita, "Babu, hapa!" Matone matatu, upande wa kushoto, chini ya kona ya kioo cha mbele.

Mjomba ameshalichora duara. Jumamosi kioo kinatoka.